Arubitre, Urabesha!

Esteri alikuwa amebadilisha maneno ya nyumba yake moja moja, kama mtu anavyobadilisha nyasi za paa. Unang'oa zilizooza, unaweka mpya, mpaka inafika siku hakuna anayejua paa lilikuwaje mwanzo. Kwao Burundi mshumaa waliuita ibuji. Yeye akaufanya mshumaa. Ikaye ikawa daftari. Ivoka ikawa parachichi, na hilo lilimchukua karibu mwaka mzima, maana alikuwa na mti wake nyuma ya nyumba, na kila akiutazama lile neno la zamani lilikuja lenyewe mdomoni.

Alivuka mpaka mwaka wa sabini na mbili akiwa binti wa miaka kumi na mitano. Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na saba, na pale Kumsenga hakuna aliyemwita Mrundi. Kiha na Kirundi ni lugha zilizonyonya ziwa moja, na ukiongea taratibu watu hawakushtukii. Kinachomkamata mtu ni yale maneno machache ya Kifaransa yaliyoingia Kirundi kwa njia ya shule na misheni. Hayo ndiyo Esteri aliyang'oa. Alidhani ameyamaliza yote.

Mumewe, Filimoni Harerimana, Mrundi mwenzake, alikufa kwa homa na kumwachia mtoto mmoja tu, Anania. Mtoto alizaliwa palepale Kumsenga, akabatizwa palepale, na shuleni akaandikwa Anania Filimoni. Jina la Harerimana lilibaki ndani ya nyumba. Kijana alisoma, akafaulu, akaingia Chuo cha Mugobole pale Kibondo kusomea ualimu. Mwaka huo alikuwa anamaliza. Mtihani ulikuwa mwezi wa Novemba, na baada ya mtihani ni cheti, na mwenye cheti anapangiwa shule, anapewa barua yenye mhuri. Esteri alikuwa akiisubiri barua ile kama wengine wanavyosubiri mvua. Mtoto wake akishapata mhuri, nani atamuuliza tena babu yake alizikwa wapi?

Lakini mwaka huohuo likatoka tangazo kwamba wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudishwe kambini. Waliovuka sabini na mbili wakaambiana, hayo ni ya hawa wa juzi, sisi tumeshakuwa wenyeji. Halafu ikasikika kwamba huko Munanila watu wamechukuliwa na majembe yakiwa mkononi, watu waliokuwa na mashamba ya kahawa na wajukuu. Tangu siku hiyo Esteri hakula akashiba.

Na mwanawe alikuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha kuliko tangazo lenyewe. Anania alikuwa mrefu, alicheza mpira wa kikapu, na walisema hakuna kijana katika Kibondo nzima aliyeruka kama yeye. Ila akionewa, uso wake ulijaa damu. Mwezi wa Agosti walicheza Kakonko, refa akampa faulo ambayo si yake, kijana akaupiga mpira chini ukaruka mpaka nje ya uwanja. Mwalimu mmoja wa kule akauliza, "Huyu kijana hasira zake ni za wapi?" Aliuliza kwa mzaha, watu wakacheka. Esteri aliposimuliwa hakucheka.

Jumapili moja Anania akaja nyumbani kusalimia, akasema Jumamosi ijayo wanakwenda Kasulu kucheza na Chuo cha Nyaruhemba.

"Refa ni mwalimu wao, mama. Abdulrahmani. Mwaka jana hatukufungwa na vikapu, tulifungwa na filimbi."

"Na mwaka huu mtafungwa na filimbi. Ufungwe, urudi, ufanye mtihani."

"Kwa hiyo mtu anakuonea, wewe unamwangalia tu?"

"Unamwangalia tu. Tafuna ulimi." Esteri alikuwa anamenya mihogo, akaweka kisu chini. "Sikiliza mwanangu. Mtu wa hapa akikasirika wanasema ana hasira. Wewe ukikasirika watauliza umetoka wapi."

"Mimi nimetoka hapa. Nimezaliwa chumba kile pale."

"Hilo tunalijua mimi na wewe na kile chumba."

Kijana akala, akaondoka. Esteri akabaki na wasiwasi. Usiku na mchana aliona ule uso uliojaa damu, akaona mpira unaruka nje ya uwanja, akasikia mtu anauliza lile swali, safari hii bila mzaha. Mwishowe akajiambia, lazima niwepo. Nikikaa mahali anaponiona, macho yangu yatamshika.

Rafiki yake Kezia, ambaye walisali pamoja, alikuwa Muha wa Kasulu aliyeolewa Kumsenga, na dada yake aliishi Kasulu mjini. Esteri akamwomba wakamtembelee huyo dada. Kezia alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi ya sauti. Akamtazama, akasema, "Mama Anania, wiki hizi si za kutembea."

"Najua."

"Mbona unatembea, basi?"

"Kwa sababu sitaweza kukaa."

Wakaondoka Ijumaa kwa lori la maharage. Mvua za mwaka ule zilikuwa hazina adabu. Barabara ilikuwa uji, na mara mbili wanaume walishuka kusukuma. Penye kizuizi Esteri alijifunika kitenge akajifanya amelala, Kezia akaongea kwa ajili ya wote wawili, akawachekesha askari, wakapita. Wakalala kwa dada yake Kezia.

Jumamosi saa nane mchana uwanja wa Nyaruhemba ulikuwa umejaa. Ulikuwa uwanja wa saruji, pande zote umezungukwa na mabenchi ya darasani na watu waliosimama. Mvua ilikuwa imekatika, wanafunzi walikuwa wanafagia maji. Ilitangazwa kwamba refa wa pili aliyetakiwa kutoka Kigoma mjini gari lake limekwama kwenye tope, kwa hiyo Mwalimu Abdulrahmani atachezesha peke yake. Wageni kutoka Kibondo wakaguna. Wenyeji wakapiga makofi.

Kezia na Esteri walipata nafasi ukingoni, karibu na goli la kusini. Anania alipowaona aliinua nyusi kwa mshangao. Esteri akaweka kidole juu ya mdomo wake kidogo tu, kama anayefuta jasho. Kijana akaelewa, akageuka.

Mchezo ukaanza, na filimbi ikaanza nao. Kijana wa Mugobole akinyoosha mkono, faulo. Akikunja mkono, faulo. Kijana wa Nyaruhemba akashika mpira, akatembea nao hatua moja, mbili, tatu, nne, bila kuudunda, akafunga, refa akaonyesha vidole viwili: kikapu halali.

"Refa!" Kezia akapiga kelele. "Ameubeba huo mpira kama mtoto wa kliniki, hujaona?"

Watu wakacheka, hata wenyeji.

Nahodha wa Mugobole, kijana anayeitwa Abdalah, akaenda kwa refa kwa heshima, mikono nyuma. "Mwalimu, tunaomba uangalie na hatua zao." Mwalimu Abdulrahmani akampa faulo ya kuongea.

"Jamani, hata kuomba ni faulo!" Kezia alisema. "Refa, hiyo filimbi umelala nayo? Itoe mdomoni upumue! Mpeni jezi yenu huyo, ana baridi!"

Wenyeji nao hawakukaa kimya. "Kibondo, rudini nyumbani! Kikapu mnachokijua ni cha kubebea mihogo!"

"Na leo tutabebea aibu yenu!" Kezia akajibu.

Esteri alimwonea wivu. Aliwaza, tazama mtu anavyoweza kupiga kelele kwenye nchi yake, kooni hakuna mlango. Yeye alikuwa ameuma pindo la kitenge chake. Kila filimbi ilipolia alilikazia meno, kitenge kikalowa mate. Ubao mweusi uliletwa uwanjani kwa ajili ya hesabu, na msichana mmoja aliandika kwa chaki, pointi juu, faulo chini. Ilipofika mapumziko Mugobole walikuwa na faulo kumi na nne, Nyaruhemba tatu. Vijana wawili wa Mugobole walikuwa wameshafikisha nne, na mmoja wao alikuwa Anania. Ya tano unatoka.

"Mama Anania, kijana wako leo ni malaika," Kezia akasema. "Hata hajakunja uso."

"Usiniite hivyo hapa," Esteri akanong'ona.

"Nani anasikia?"

Esteri akatazama huku na huku. Benchi la tatu kutoka kwao alikaa bwana mmoja mwenye koti la kaki na daftari dogo mfukoni. Alikuwa anatazama mchezo kama watu wengine, anakula karanga.

Kipindi cha pili Anania alicheza kama mtu anayetembea juu ya mayai. Hakugusa mtu. Alipoonewa aliinua mikono juu, akarudi nyuma, akatafuna ulimi. Esteri aliona taya zinavyokazana. Na bado akafunga, kikapu juu ya kikapu, mpaka ubao ukasoma arobaini na moja kwa arobaini, Mugobole wakiwa mbele. Mwenye saa akainua mkono: nusu dakika. Mwalimu wa michezo wa Mugobole alikuwa amevua kofia anaikamua kama nguo iliyofuliwa.

Kijana wa Nyaruhemba akaja mbio, akaruka kufunga. Anania akaruka naye. Kila mtu aliona. Hata dada mmoja wa wenyeji aliyekuwa nyuma ya Esteri alisema, "Loo, safi!" Mkono wa Anania ulikutana na mpira juu kabisa, mpira peke yake, ukasikika ule mlio wa kiganja na ngozi, halafu mpira ukaenda zake nje.

Filimbi ikalia.

Refa akaja mpaka mbele ya Anania, akamnyooshea kidole karibu na pua. "Faulo! Ya tano! Toka uwanjani, mkorofi we!"

Uwanja wote ukanyamaza. Hata wenyeji walipatwa na haya kidogo, wakasubiri waone kijana atafanya nini. Na kijana hakufanya kitu. Alishusha mikono. Uso wake haukujaa damu. Ulikuwa mkavu, umezeeka. Akamtazama mama yake, kama anayesema, umeona? Nimetii.

Mama unayesoma, weka kidole hapa. Esteri alikuwa amejitayarisha kwa hasira ya mwanawe. Hakujitayarisha kwa utii wake. Kijana angepiga mpira chini, yeye angemkaripia kwa macho. Lakini kumwona amesimama vile, mtoto wa miaka ishirini amefunga mdomo kwa sababu mama yake alimfundisha kwamba yeye haki yake haisemwi, kulimvunja kitu kifuani. Kitenge kikatoka mdomoni. Akajikuta amesimama, mkono juu, na sauti ambayo hakuitumia kwa miaka ishirini na mitano ikatoka yote kwa mara moja.

"Arubitre! Arubitre, urabesha! Ntiyamukozeko!"

Refa, unasema uongo, hakumgusa. Kwa maneno yale mengine hakuna ambaye angeshtuka. Waha wa Kasulu waliyaelewa kama ya kwao. Ni lile la kwanza. Esteri hakuwahi kusimama kando ya uwanja tangu alipokuwa msichana, kule kwao, kwenye kiwanja cha misheni, akimshangilia kaka yake Athanase. Pale mpuliza filimbi aliitwa arubitre. Alibadilisha maneno ya jikoni, ya shambani, ya shuleni na ya kanisani. La uwanjani hakulikuta, maana hakuwahi kwenda alipokuwa limejificha.

Kijana mmoja wa wenyeji akaliokota lile neno.

"Aru... nani? Oyaa, mmesikia? Arubitre!"

"Arubitre ndiyo nani, mama? Mjomba wako?"

"Mfaransa huyo, mshikaji! Bonjuu madamu!"

Vicheko vikapanda. Benchi zima likaanza kupiga makofi na kuimba, "A-ru-bi-tre! A-ru-bi-tre!" Uwanjani Nyaruhemba walifunga mitupo miwili ya adhabu, ubao ukasoma arobaini na mbili kwa arobaini na moja, filimbi ya mwisho ikalia, na Esteri hakuona hata kimoja. Alikuwa anamwona yule bwana wa koti la kaki. Aliinuka taratibu, akafuta maganda ya karanga mapajani, akaja.

"Habari za saa hizi, mama. Samahani kwa kukusumbua. Naitwa Khatibu, wa kamati ya ulinzi hapa. Kwenu wapi?"

"Kumsenga."

"Kumsenga. Na huko Kumsenga filimbi anapuliza nani?"

"Anapuliza refa, ukitaka kujua," Kezia akaingilia, "na refa wenu ni mwizi!"

"Wewe dada nimekusikia tangu saa nane, wewe ni wa hapahapa," Bwana Khatibu akasema bila ukali. "Nauliza mwenzako. Ni nani huyu?"

"Huyu ni Mama Ana..." Kezia akakwama. Macho yakamtoka. "Mama anasali na sisi."

Bwana Khatibu akatabasamu kidogo. Akamgeukia Esteri. "Umemfuata nani uwanjani, mama?"

"Sina mtu hapa. Tumekuja mjini kutembea, mpira nimeukuta tu."

"Mbona umelia kama mwenye mtoto?"

"Nimeona anaonewa."

Hapo ndipo alipomwona Anania. Alikuwa anakuja kutoka upande wa pili wa uwanja, anapita katikati ya watu wanaoimba, bega lake linawasukuma, na sasa uso ulikuwa umejaa damu kweli. Hatua ishirini. Hatua kumi na tano. Esteri alimkazia macho yote aliyokuwa nayo, usije, usije, lakini kijana alikuwa ametii vya kutosha siku hiyo.

"Mama!" akaita.

Bwana Khatibu akageuza kichwa.

"Abee, mwanangu!" Kezia akaitika, sauti yake ikafunika uwanja. "Niko hapa, unanitafuta wapi?" Na kabla mtu hajafikiri alikuwa ameshamfikia, amemkumbatia kiuno, maana mabega hakuyafikia. "Pole, pole mwanangu. Wamewaonea. Twende kwenye gari. Twende nimesema! Utasimama kwenye jua na jasho hilo?"

"Lakini ma..."

"Nimeshasikia! Mama yako nimeshasikia. Twende."

Akamgeuza kwa nguvu, ng'ombe anavyogeuzwa kwa pembe. Anania aliangalia nyuma mara moja tu. Esteri alikuwa ametazama pembeni, kwenye ubao wa chaki, kama mtu asiyemjua. Kumtazama kungekuwa mwisho wa kila kitu. Akasoma hesabu zile bila kuzielewa: faulo ishirini na sita kwa tano. Huko nyuma mwalimu wa michezo wa Mugobole alikuwa bado anapaza sauti kwamba atakata rufaa, ataandika barua mpaka mkoani.

"Una karatasi yoyote?" Bwana Khatibu akauliza.

"Nimeacha nyumbani."

"Mwenyekiti wenu wa kijiji nani?"

Akamtaja. Akataja na balozi wake wa nyumba kumi, na mchungaji. Yote yalikuwa kweli. Bwana Khatibu akaandika kwenye daftari lake, tena kwa mwandiko mzuri, akasoma alichoandika.

"Vizuri. Basi hakuna shida, mama. Utalala kwetu ofisini na wenzako wachache. Kesho asubuhi kuna gari linakwenda Kibondo, nitamtuma kijana apite Kumsenga aulize. Nyumba yako, watu wako. Wakisema wanakufahamu, unarudi zako nyumbani, na mimi nitakuomba radhi."

Alisema kwa wema. Wema ule ndio uliomfanya Esteri ahisi ardhi inaondoka. Maana alijua kijana huyo atakapofika Kumsenga, mtu wa kwanza kumuuliza, awe mtoto anayechunga mbuzi au bibi anayeanika mtama, atajibu kwa furaha: Esteri? Aa, Mama Anania! Nyumba ile yenye mparachichi. Mwanawe ndiye yule mrefu anayesoma Mugobole, anayecheza kikapu. Na kwenye daftari, chini ya jina la yule mwanamke wa arubitre, litaandikwa jina la pili.

Alifikiri kwa muda ambao mtu anachukua kufunga kitenge. Akakifunga.

"Usimtume mtu," akasema. "Sina nyumba Kumsenga."

Bwana Khatibu akainua kalamu.

"Nimetoka Burundi. Nimevuka mwaka jana na hizi vita. Hayo majina niliyasikia kanisani. Yule dada nilimdanganya, akaniamini, hana kosa. Mimi ni mkimbizi. Nipelekeni kambini."

Yule bwana alimtazama sana. Huenda alijua kuna kitu hakikukaa sawa, maana mtu wa mwaka jana hazungumzi Kiswahili cha namna ile. Lakini ilikuwa jioni inakaribia, na mtu akishakubali mwenyewe kazi imekwisha. Akakata yale majina kwa mstari mmoja.

Nyuma ya uzio lori la Mugobole liliwaka. Esteri hakugeuka. Alisikiliza tu likibadilisha gia kwenye kile kilima, likipanda, mpaka mlio ukapotea upande wa Kibondo.

Kesho yake alipelekwa kambini pamoja na watu kumi na mmoja. Wapya waliwekwa kwanza kwenye hema kubwa kusubiri kuandikishwa, na mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano akaja Kezia. Alipitia kwa wanawake wanaouza mboga getini, kichwani amebeba rundo la matembele, na alipomwona Esteri akasahau kupunguza sauti.

"Wewe mwanamke wewe! Umemwambia nini yule mtu?"

"Nyamaza. Anania?"

"Yupo chuoni. Nimepita kumwona. Mtihani wiki ijayo." Kezia akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Anataka kuja. Anasema atakuja atawaambia ukweli, yeye ni nani na wewe ni nani."

"Mwambie asije."

"Nimemwambia. Nimemwambia mpaka nimechoka. Nikamwambia, ukija mama yako atakuwa amelala kwenye tope bure."

"Amekula? Alikula njiani siku ile?"

"Mimi nitajuaje, nilikuwa kwenye lori lao?" Halafu Kezia akasema, taratibu kwa mara ya kwanza tangu Esteri amjue: "Kuna kitu ameniambia. Anasema njiani wenzake hawakuwa na habari nyingine ila ya yule refa. Faulo hii, faulo ile. Halafu Abdalah, yule nahodha, akaanza kuiga, arubitre, arubitre, gari zima likacheka. Anasema, mama mdogo, na mimi nilicheka. Ameniambia huku analia."

Esteri akatazama matembele. Akachukua jani moja, akalinyoosha kwenye goti.

"Amefanya vizuri," akasema. "Mwambie mama anasema amefanya vizuri sana."

Alasiri ile wakaitwa kwenye meza. Mwandikishaji alikuwa binti wa Kikongo, Laurentine, ambaye naye alikuwa mkimbizi lakini alisoma, akapewa kazi na kofia ya shirika. Alikuwa mpole, amechoka, vidole vyake vina wino.

"Mama, jina?"

"Esteri."

"Bwana yako?"

"Alikufa."

"Batoto? Bangapi?"

Mvua iligonga turubai. Laurentine hakuinua kichwa. "Mama, usiogope kusema. Kama kuko mutoto alibakia inje, tutaandika jina yake na fasi eko, kijiji gani, na gari itamuleta. Siku hizi banaunganisha familia. Iko vizuri, mama, watu banakaa pamoja."

Nyuma ya Esteri foleni ilisogea, mtu akakohoa. Aliona kile chumba cha Kumsenga na mtoto mwekundu amefungwa kitenge. Aliona barua yenye mhuri ambayo haijaandikwa bado.

"Sina," akasema.

"Hata moja?"

"Hata mmoja."

Sasa Laurentine aliinua kichwa. Alikuwa ameandikisha wanawake wengi wa Burundi, na wengi walijibu hivyo, na alijua kwa kawaida jibu lile lina maana gani. Macho yake yakajaa maji. Akaweka kalamu chini, akashika mkono wa Esteri kwa mikono yake yote miwili, juu ya meza, kama watu washikanavyo msibani.

"Pole, mama," akasema. "Pole sana kwa batoto. Mungu akufariji."

Na pole ya msiba hairudishwi. Esteri alihisi ile pole inamwingia mkononi baridi, inapanda kifuani, inamtafuta mtu wa kumkalia. Alitaka kuukwapua mkono wake. Alitaka kupiga kelele kuliko alivyopiga uwanjani: yuko hai, ana mtihani wiki ijayo, anaruka kuliko vijana wote! Akauma ulimi.

"Asante, mwanangu," akasema.

Akapewa kadi ya posho ya mtu mmoja. Alipotoka kwenye foleni alizunguka nyuma ya hema, akahakikisha hakuna anayemwona, akatema mate chini mara tatu, ile pole isije ikamfikia mwanawe. Halafu akasimama kwenye mvua, hajui kama mara tatu zinatosha, akatema ya nne.